Unga wa Mchuuzi, Paka Wangu na Chungu wa Swichi ya Taa

Ramadhani ya mwaka juzi niliacha sahani ya kaimati mezani, nimeifunika kawa, nikalala nikijua zitanifaa kwa daku. Saa tisa na nusu usiku nikaamka. Mlolongo mwembamba wa chungu ulikuwa umetoka ndani ya swichi ya taa, umeteremka ukutani, umeikata meza kati na kuingia chini ya kawa. Hapakuwa na fujo. Wanaokwenda upande huu, wanaorudi upande ule, kama magari ya Daraja la Nyali siku isiyo na foleni, kama siku hiyo ipo.

Ni wale chungu wadogo mno, kichwa cheusi, tumbo jeupe hata waweza kudhani halipo. Ukimponda mmoja, kidole kinabaki na harufu ya nazi iliyochacha. Anayeishi Mombasa anawajua, hata kama hajawahi kujinusa kidole.

Asubuhi nikafanya wanachofanya wengi wetu. Nikamfuata mchuuzi wa kipaza sauti, yule wa dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya chungu, dawa ya panya, yote kwa pumzi moja. Nikanunua kipakiti cha unga kisichokuwa na jina, kipimo wala neno la onyo. Nikaumwaga kwenye ufa, juu ya swichi na nyuma ya jokofu. Kufika adhuhuri maiti zimetapakaa sakafuni, nami najiona mwanamume.

Siku ya pili paka wetu alikuwa chini ya meza, anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Daktari wa mifugo alimwosha kwa sabuni ya vyombo, akakaa naye siku mbili. Alisema dalili zile huziona sana kwa paka waliogusa permethrini, dawa ya kuulia wadudu, au nyingine za ukoo wake. Mbwa huistahimili, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Paka hakuula ule unga. Aliukanyaga, kisha akajilamba miguu. Nikamfikiria mpwa wangu wa miezi kumi, aliyekuwa akitambaa sakafu ile ile.

Paka alipona. Chungu nao hawakuondoka. Baada ya wiki mlolongo mmoja ulikuwa mitatu: mmoja swichini, mmoja sinki, mmoja chumba cha kulala, ambako hatuli kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari zao, na nikajiona mjinga. Chungu hawa hawana malkia mmoja bali wengi, na kiota kikitikiswa hugawanyika, kila kundi likahama na malkia wake na mabuu yake. Wale unaowaona mezani ni vibarua tu. Ukiwaua mia, wenye nyumba wamo ukutani wanataga. Kwa hivyo dawa ya kupuliza, hata ile ya dukani yenye jina na nembo, mara nyingi inakuuzia raha ya kuona maiti. Nasema hivi nikijua wapo watakaobisha, maana raha ile naijua.

Marehemu nyanya yangu, Mji wa Kale, aliishi nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, na nyufa kila mahali. Chungu walikuwa wenyeji kuliko sisi. Sikumbuki kumwona na sumu. Kabati yake ya wavu ilisimama miguu minne ndani ya vikopo vinne vya maji, na sukari haikukaa nje ya kabati ile hata kwa dakika moja. Tukitaka kuwamwagia maji ya moto alitukataza, akituhadithia chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman. "Huyo akasikizwa na Mtume wa Mungu, nyinyi ni kina nani?"

Vikopo nimevirudisha, ila kwa marekebisho. Yeye alitia mafuta taa, mimi natia tone la sabuni. Maji matupu yakikaa hufanya utando wa vumbi, na chungu wadogo huufanya daraja. Sabuni huyavunja nguvu yale maji, akikanyaga anazama. Tena nayabadilisha kila baada ya siku tatu, kwa sababu mji huu umeshapigwa na dengi na chikungunya, na mbu wa maradhi hayo anazalia kwenye vikopo kama hivi hivi.

Kazi kubwa lakini ni ya kitambaa. Chungu anayepata chakula hurudi kiotani akiweka harufu chini, na wenzake hufuata harufu hiyo, si macho. Ndiyo maana ukifagia wale waliopo, baada ya saa moja wengine wanapita pale pale. Futa njia yote, kuanzia sahani hadi tundu wanalotokea, kwa maji ya sabuni au siki iliyochanganywa na maji. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa kitako nikawatazama. Wa mbele alifika mwanzo wa sehemu iliyofutwa, akasimama, akapapasa kwa vipapasio kushoto na kulia, akarudi, akagongana na wa nyuma yake. Foleni ikaanza.

Sasa wale wanaosema tumia mdalasini, karafuu na maganda ya ndimu. Naam, harufu kali huwafukuza. Lakini huwafukuza kutoka hapa kwenda pale, kama kibanda kinachovunjwa asubuhi na kusimama ng'ambo ya barabara jioni. Mimi karafuu zangu nazitia kwenye pilau.

Kinachofika kwa malkia ni chambo. Nachanganya kikombe cha maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya mezani vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha boriki ya duka la dawa, unga ule ule ambao wacheza keram wa zamani walipaka ubaoni ili kete ziteleze. Nusu kijiko, usizidishe. Ikiwa kali kibarua hufia njiani. Ikiwa hafifu hufika nyumbani na kuwatapishia wenziwe, malkia na mabuu wakiwemo. Tena iwe majimaji, kwa kuwa chungu aliyekwisha kukomaa hawezi kumeza kigumu. Naloweka pamba, naiweka kwenye kifuniko cha soda ndani ya mkebe uliotobolewa tundu ndogo, nauweka pembeni mwa njia yao, na hapo siifuti. Siku mbili za mwanzo watazidi kuwa wengi. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kuchukua dawa ya kupuliza. Mimi nilingoja siku kumi na moja.

Nisidanganye kwamba boriki ni maji ya zamzam. Mtoto akiinywa ni sumu, na mkebe ule hukaa mahali asipofika. Tofauti ni kwamba hii najua ni nini na ni kiasi gani.

Kisha ziba. Ufa wa swichi na wa sinki niliuziba kwa simenti nyeupe. Mlolongo wa chumbani ulikuwa unatoka kwenye chungu cha mrehani dirishani (chungu cha udongo, Kiswahili nacho kina mizaha yake), ambako vidukari walikuwa wakitoa umande mtamu na chungu wakiulamba. Nikayaosha majani kwa maji ya sabuni, mlolongo ukakatika bila chambo.

Nje siwagusi. Jirani yangu wa Kisauni alitaka kuchoma majimoto, chungu wakali wa mnazi wake, nikamsihi asifanye hivyo. Watafiti wa minazi Unguja tangu miaka ya 1950 walionyesha kwamba majimoto huulinda mnazi dhidi ya kunguni anayefyonza vidaka hadi vikaanguka. Alinitazama, akajikuna shingo ilipoumwa, akasema, "Sawa, ila nazi utapanda kuziangua wewe."

Jana usiku kumi hivi walikuwa barazani wanakokota bawa la mende. Paka aliwatazama kidogo, akageukia upande wa pili akalala.