Programu inayouliza "Una uhakika?"

Kuna duka la vipuri pale Gerezani, Kariakoo, nimekuwa mteja wake miaka mingi. Keshia wao alikuwa na programu ya kizamani: skrini nyeusi, herufi za kijani, picha hakuna. Unamtajia pedi za breki za Noah, macho yake yako kwako, vidole vinatembea vyenyewe: F2, namba ya kipuri, idadi, enta, enta, F10. Printa inalia hujatoa hata pochi.

Mwaka jana bosi akaletewa programu mpya. Imependeza, sibishi. Kijana akiajiriwa Jumatatu, Jumanne anauza. Ila keshia yule yule sasa anashika mausi, anabofya, anasubiri, anatafuta kipuri kwenye orodha ndefu, anabofya tena, kisha kinaibuka kidirisha: "Una uhakika?" Foleni imefika barabarani.

Naona programu nyingi hutengenezwa kwa ajili ya siku ya kwanza kazini, kwa sababu mnunuzi ni bosi. Anaoneshwa nusu saa, anapenda alichokielewa ndani ya nusu saa hiyo. Atakayeshinda nayo kutwa hakuitwa kikaoni.

Si jambo geni. Macintosh ya kwanza, kompyuta ya Apple ya mwaka 1984, ilitoka na kibodi isiyo na vitufe vya mishale, makusudi, ili watu wazoee mausi. Microsoft ilipofumua menyu za Office mwaka 2007 ilikuwa na staha zaidi: njia nyingi za mkato za kibodi ziliachwa zifanye kazi kama zamani.

Wala sisemi turudi kwenye skrini nyeusi. Ile nayo ilimtoa keshia jasho miezi kadhaa. Lakini mtazame wakala wa pesa wa mtaani kwako. Anapiga *150*00# ya M-Pesa, halafu anaminya tarakimu moja baada ya nyingine bila kusoma kitu, huku anakuuliza habari za nyumbani. Mama aliyenunua simu jana anapiga namba hiyo hiyo, anaisoma menyu yake mstari kwa mstari, na wote wawili wanafika. Siri ni kwamba namba hazihami. (Siku wakizipanga upya, utasikia mawakala wanavyolalama.)

Juzi nimepita Gerezani kununua plagi. Kidirisha kikaibuka, keshia akakijibu kwa sauti: "Miaka 11 niko hapa, we unaniuliza kama nina uhakika?"