Saa za hewani si saa za ukutani

Mwandishi, nakushukuru kwa habari ya safari za ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Amsterdam, Uholanzi, ila hapo uliposema ndege hutumia saa 7 na nusu umetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kuangalia kwamba saa zetu na zao hazilingani. Hesabu hiyo haisimami. Wakati wa kiangazi chao Uholanzi wako nyuma yetu saa 1, na majira yao ya baridi saa 2. Ukiruka saa 3 usiku mwezi wa saba ukatua saa 10 na nusu alfajiri ya kule, umekaa angani saa 8 na nusu. Umbali wenyewe ni kama kilomita 6,900, kwa hiyo inaingia akilini.

Nasema hivi kwa sababu mama yangu wa hapa Moshi alikwenda huko kumwona mjukuu wake. Tiketi iliandikwa 20:50, yeye akaisoma kama saa nane usiku. Bahati nzuri jirani aliiona ile karatasi mezani jioni, tukakimbizana na gari hadi njia panda ya KIA, kapu la ndizi mapajani. Alifika wakati dirisha la mizigo linakaribia kufungwa. Tangu siku ile nachukua kalamu ya wino na kuandika kwenye kila tiketi ya nyumbani: 20:50 ni saa 2:50 usiku.

Tafadhali sahihisheni hiyo takwimu, wazee wetu wanasoma humu.