Jinsi nilivyovaa dari

Kwa kuwa shemeji yangu ameshasambaza picha, na kila mtu ameshaitungia maelezo yake, acheni mwenye shingo naye aseme.

Kwanza, nyumba haikuniangukia. Kilichoanguka ni ubao mmoja tu wa jipsamu. Mnaokuza mambo, nawajua kwa majina.

Lile doa langu la kahawia darini mnalifahamu. Lilizidi kutanuka mpaka dari ikaota kitambi. Mjuaji mmoja akanishauri nipake rangi juu yake, yaishe. Yaishe vipi? Jipsamu imevikwa karatasi pande zote mbili, na karatasi ikilowa ndiyo chakula cha ukungu. Saa 24 hadi 48 tu, unaweza kuanza kuota. Ukipaka rangi, umeufungia mlango ili ujilie kwa raha zake. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma.

Basi nikajihami. Barakoa ya kuchuja vumbi laini, miwani ya kinga iliyobana uso, glavu hadi viwikoni. Mlango nikauziba kwa nailoni, feni nikaizima isije ikapeperusha mbegu za ukungu nyumba nzima. Shemeji, aliyeitwa kushika ngazi tu, akauliza kama kuna mgonjwa wa kupasuliwa. Nikampa mhadhara kuhusu mapafu. Mrefu.

Mpango ulikuwa mzuri, nasisitiza. Maji yakituama juu ya dari unayatolea tundu dogo, ndoo ikiwa chini. Nikapanda na bisibisi, nikatoboa penye kitovu cha kile kitambi. Maji yakashuka uzi mwembamba, tiririri, ndani ya ndoo. Nikamgeukia shemeji.

"Umeona, shem? Utaalamu huo."

Tak.

Hapa naomba twende polepole. Ile "tak" ilikuwa skrubu ikiponyoka, kwa maana jipsamu iliyolowa haina nguvu ya kushika kitu. Tak ya pili, upande wa dirisha. Nikatazama juu. Kitambi kikanitazama. Tak, tak. Shemeji akaachia ngazi (hili kwenye simulizi yake halimo, mmeona?) akarudi nyuma. Mimi nikanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Vidole vikazama. Nikawaza, "Mbona laini hivi?" Ubao ukajikunja katikati, maji yote yakashuka kwa pamoja, na kichwa changu kikatokea upande wa pili.

Nikabaki juu ya ngazi nimevaa dari shingoni.

Ile miwani iliyobana uso iliingiza maji kwa juu, ikakataa kuyatoa. Shemeji nikawa namwona anaogelea. Barakoa iliyolowa ikanigandia, nikivuta pumzi nayo inakuja. Nikapiga kelele, "Nitoe!" Shemeji anaapa kwamba alisikia "Nipige!" Akatoa simu. Akanipiga.

Mkiikuza ile picha mtaona madoa meusi chini ya kidevu changu. Ndiyo, ndiwo. Ukungu wenyewe niliojifunika gubigubi kuukwepa ulikuwa umejificha upande wa juu wa ubao, sasa nimeuvaa kola.

Mengine mafupi. Kiungio cha bomba kilikuwa kinavuja. Fundi akakiziba kwanza, akakata jipsamu hadi sentimita 30 kupita doa, fremu zikasuguliwa kwa sabuni na kuachwa zikauke hasa, ndipo ukaja ubao mpya, puti, msasa, rangi. Na wewe uliyeniuliza faraghani kuhusu kuua ukungu kwa klorini: kwenye jipsamu inang'arisha juu tu, ndani haifiki. Ubao ulioota ukungu ni wa kutupwa. Wangu ulitupwa pia, baada ya kukatwa shingoni.

Kiraka kinaonekana kidogo ukisimama upande wa dirisha. Mkija kunitembelea, simameni upande wa mlango.