Nataka kufuta kreti tu jamani

Hivi kuna mtu humu ashawahi kuuliza kaswali kadogo ka kuediti picha akajibiwa kadogo vilevile? Mi nimeuliza tu, jamani anayeanza atumie programu gani, nikawa nimechokoza nyuki. Huyu anasema Photoshop, yule anamcheka wa Photoshop eti siku hizi watu wako Lightroom, wa tatu anasema wote hao wamepotea, chukua GIMP ni ya bure, halafu kuna yule mjuaji asiyekosekana anauliza, kwani bro unapiga RAW au JPEG? Kumbe ni aina za faili za picha. Ndugu yangu mi napiga kwa simu, tena ina ufa.

Na shida yangu ni moja tu. Sendofu ya shemeji yangu, mama mkwe katoka kapendeza hatari, kitenge kipya, kilemba kimesimama, sasa nyuma yake kijana wa vinywaji anakatiza na kreti la soda begani. Kijana mwenyewe haonekani, kamezwa na mama, kinachoonekana ni kreti, limetulia juu ya kilemba. Mke wangu kasema hiyo ndo picha ya fremu, toa hilo kreti. Basi, kazi ndo hiyo.

Nikaanza na Photoshop maana ndo jina hata bibi kijijini analijua. Ipo sokoni tangu 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, nikajua mpaka leo si itakuwa ishashuka bei. Wapi! Tangu 2013 walishaamua matoleo mapya hununui, unapanga. Kila mwezi kodi. Yaani nyumba napanga, king'amuzi cha mwezi, luku ndo usiseme, leo nipange na brashi ya kufutia kreti? Na kodi yenyewe inakatwa kwenye kadi, hakuna cha kumwambia mwenye nyumba nivumilie mpaka tarehe tano.

Fundi mmoja mjini akanivuta pembeni, bro usihangaike, ninayo Photoshop ya kreki, ishavunjwa kufuli, elfu kumi, ya maisha. Masharti? Hakuna, ila zima kwanza antivairasi. Yaani mlinzi aende kwao ndo mgeni aingie! Nikamshukuru nikasepa. Laptopu yangu ina ramu ya GB 4, ukifungua brauza na kikokotoo kwa pamoja inahema mpaka jirani anasikia, nikiiletea na virusi si tutaanza kuchangishana.

Nikahamia GIMP. Hapo bei sina ugomvi nayo, ni bure kwelikweli, wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani waliianzisha 1995, na watu wanajitolea kuiendeleza mpaka leo, toleo la 3.0 limetoka 2025. Heshima kwao. Ila nani kasema cha bure ni rahisi? Video ya mafunzo inaanza tu, "kwanza ongeza leya". Leya! Nikaja kuelewa ni tabaka unalilaza juu ya picha, ukiboronga unaboronga la juu, ya chini iko salama. Wazo zuri, nakubali, ila mpaka nimelielewa bando lilishakata, na jamaa wa kwenye video alikuwa bado anatuomba tusabskraibu. Halafu ukibonyeza sevu unapewa faili la XCF, la kwao GIMP wenyewe. Mtumie mama mkwe XCF WhatsApp uone kama hajapiga simu kuuliza umemtumia nini. JPEG, ile picha ya kawaida ya kutumiana, inatokea kwa Export, mlango mwingine kabisa.

Sasa mtoto wa dada'angu, yuko form two, muda wote ananiangalia kwa huruma. "Anko, kwani simu yako haina Snapseed?" Ya Google, bure, matangazo hamna. Ina kifaa kinaitwa Healing, unapapasa kwa kidole, yenyewe inachota rangi za jirani inaziba. Kwa chunusi au waya wa umeme, utapenda. Kreti sasa, ukilipapasa lote kwa mpigo kilemba kinarefuka mpaka kwenye turubai. Dogo akasema zumu, anza pembeni, kidogo kidogo, ikikataa rudisha. Basi kidole hiki kinachoshika sururu kikakaa kinapapasa hewa ya juu ya mama mkwe mpaka chai ikapoa. Likatoka.

Mama mkwe kaletewa, kavaa miwani, kaangalia weee. "Mbona kidevu hukukipunguza?"

Na habari imeshavuja mtaani. Jirani kaja na picha ya pasipoti, yuko na fulana ya mpira, "Baba Junia, nasikia siku hizi unaediti, nivalishe suti, kidogo tu." Nikamuuliza suti gani. Anasema yoyote, hana makuu, ila tai iwe ya bluu, na kama inawezekana nimwongezee na nywele hapa mbele.