V8 iliyopelekwa kwa fundi masufuria

Land Rover Series III ya mteja wetu ilikuwa imechoka mpaka kila kilima cha Goma kinaisimamisha, na mwenyewe akaamua kuwa dawa yake ni V8, moteri ya silinda 8. Akapata moja ya alumini, lita 3.5, ya Range Rover iliyogongwa. Moteri ya zamani, silinda 4, lita 2.25, bloku, yaani mwili wa moteri, chuma tupu, tukaishusha. Mabloku yote mawili, yakiwa yamevuliwa kila kitu, yakalazwa kwenye parseli yake kule Ndosho, kwa sababu garajini hapakuwa na nafasi hata ya kuweka jeki.

Shida ilikuwa mdomo. Kila jirani aliyepita alipewa somo: "Hii ni alumini, ile ile ya sufuria! Silinda 8, na haishindi ile ya 4 kwa uzito!" Hapo hakudanganya. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ni kama gramu 7.2, ya alumini 2.7. Mama mkwe wake alilisikia somo hilo kila siku, akiwa kibarazani na sombe yake.

Mimi nilikuwa upande wa chuma, na nilimwambia. Si kwamba V8 hiyo ni mbaya. Buick wa Marekani waliitoa mwaka 1961, Rover wa Uingereza wakanunua haki zake 1965, ikaingia kwenye Range Rover 1970, na kuanzia 1979 kiwanda chenyewe kikaitia kwenye Land Rover. Lakini Buick walishaiacha: bloku la V8 yao ya 1964 walilisubu kwa chuma. Wateja walikuwa wanatia dawa ya radiateri isiyopatana na alumini, radiateri zinaziba.

Na hao walikuwa na dawa. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95, na dereva akiona mvuke anamimina chupa yake ya kunywa. Alumini inataka maji na dawa ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu, pamoja na kifuniko cha radiateri chenye springi nzima. Springi ikilegea, presha inapotea na moteri inachemka mapema. Sasa, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na silivu za V8 hii, ile mirija ambamo pistoni zinatembea, ni za chuma, zimeshindiliwa ndani ya alumini. Joto likizidi, silivu inalegea, au bloku linapasuka nyuma yake, pasipoonekana. Maji yanapungua na chini huoni hata tone. Mtu atabadilisha gasketi baada ya gasketi kabla ya kulishuku bloku.

Bado bolti. Ukikaza silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya bloku, kwa mabavu, bila kle ya kupima nguvu, bolti inatoka na meno ya bloku yamejizungusha juu yake kama nywele kwenye kitana. Chuma kinavumilia. Silinda zikilika unazichonga, unatia pistoni za +0.020 inchi, kama nusu milimita, na siku nyingine +0.040.

Akasema atafikiri. Akapanda boti kwenda msibani Bukavu.

Nyuma yake akapita fundi wa kusubu masufuria na chukudu yake, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo. Mama mkwe akamtolea sufuria mbili zilizotoboka, bakuli, na "ile kubwa ya mkwe wangu". Akampa na bloku la chuma, uwanja upate nafasi. Fundi akaweka sumaku: ikang'ang'ania. "Hapana mama, hii haiyeyuki kwangu." Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, makala (makaa) na kipulizio vinatosha, chuma kinataka zaidi ya 1,100. Akaweka sumaku ubavuni mwa V8: ikateleza, ikaanguka. Bei wakapatana: masufuria matatu mapya, moja lina mfuniko.

Mtoto wa nyumbani akanipigia. "Fundi, V8 ya papa imetembea!" Nikamshukuru Mungu, nikidhani ameiuza.

Tulipofika kwa msubu masufuria, alikuwa ameshalivunja kwa nyundo, maana bloku zima haliingii kwenye chungu chake cha kuyeyushia. Pembeni, juu ya mawe ya volkano, silivu 8 zilikuwa zimepangwa mstari. "Mwambieni mwenyewe sikumwibia," akasema. "Hizi zilikuwa ndani, zimekataa moto."

Mwenye gari aliporudi alizitazama muda mrefu, kisha akauliza kama haziwezi kuingia kwenye lile la chuma. Haziwezi. Tundu la V8 hiyo ni milimita 88.9, la Land Rover 90.47. Nikafunga bloku la chuma, naye akalipa bila kupiga bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku ya kuchukua gari, mama mkwe alikuja naye. Akaligonga-gonga shavu la gari kwa kidole, akaweka sikio.

"Fundi, na hii nayo ni chuma?"

Mimi nikajifanya natafuta spana. Lakini mkwe wake hawezi kunyamaza.

"Chuma? Hapana mama! Land Rover ya zamani, bodi yake karibu yote..."