Ndoo ya rangi, ringi ya baiskeli na kinanda cha mjomba

Wapiga kinanda wa makanisani hapa Mtwara tuna ugonjwa mmoja. Tunachagua sauti ya ogani kwenye kibodi, tunabonyeza kitufe cha mzunguko wa kasi, basi. Kitufe kinakaa hivyo tangu wimbo wa kuingia mpaka sadaka, sauti inatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Nasema "tunachagua" kwa sababu nami nimekuwemo miaka mingi. Kilichonitoa humo ni kaseti ya mjomba wangu.

Mjomba anakaa Mikindani. Kaseti yake haina jalada na maandishi yameshafutika, lakini katikati ya wimbo mmoja kinaingia kinanda ambacho sijawahi kukisahau. Kinaanza kizitozito, kama maji yanayojaa taratibu, kisha kinachangamka, kinawaka kabisa, halafu kinarudi chini kikihema. Kwaya yetu ilipoamua kurekodi nikasema sauti ni hiyo, nitaitengeneza mwenyewe.

Kwa masikio yangu kile ni kinanda cha Hammond kilichopitishwa kwenye spika ya Leslie. Laurens Hammond aliuanza mtambo wake Marekani, ukaingia sokoni mwaka 1935. Hauna mabomba wala upepo. Ndani yake kuna magurudumu madogo ya chuma, 91 kwenye modeli maarufu ya B-3, yanazunguka karibu na sumaku zenye koili, na kila moja linazaa noti yake. Mpigaji anachanganya sauti hizo kwa vijiti tisa vya kuvuta, kila kimoja na hatua zake kuanzia 0 hadi 8. Upande huu siku hizi ni mwepesi. Programu ya bure iitwayo setBfree inakupa magurudumu, vijiti, hata ule mlio mdogo wa "tik" kidole kinapogusa kibao, ambao mafundi wa Hammond waliuona ni kasoro, wapigaji wakaupenda. Nilivuta vijiti vitatu vya kwanza mpaka mwisho, vilivyobaki nikaviacha ndani, na jioni hiyohiyo nikawa na kinanda kinachofanana na cha kaseti. Kinafanana, ila kimesimama kama mlingoti.

Kazi ilikuwa kwenye sanduku, yaani ile spika ya Leslie. Donald Leslie wa California alianza kuuza spika zake mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Hammond hakuzipenda. Ndani ya sanduku sauti inagawanywa karibu na hezi 800, yaani mitetemo 800 kwa sekunde. Nyembamba zinakwenda juu, kwenye honi mbili zinazozunguka. Moja ndiyo inayotoa sauti, ya pili ni ya kusawazisha uzito tu. Nzito zinashuka kwenye spika ya inchi 15 iliyolala kifudifudi, inamwaga sauti ndani ya pipa lenye mdomo upande mmoja, nalo linazunguka kinyume na honi. Kwenye kasi kubwa honi inapiga mizunguko kama 400 kwa dakika, kwenye kasi ndogo arobaini na kitu. Inapokuelekea sauti inapanda kidogo, ikikupa kisogo inashuka. Umeshaisikia barabara ya Masasi, basi likipita huku limeshikilia honi.

Nilianza na feni, kama mtoto yeyote aliyewahi kuimba mbele ya feni akasikia sauti yake ikikatwakatwa. Niliweka spika nyuma yake nikarekodi mbele. Feni inakata sauti vizuri sana, lakini haiipindi vya kutosha, na upepo wake unajaa kwenye maikrofoni. Siku ya pili nikafunga spika yenyewe juu ya mota, izunguke. Ukishasoma aya ya juu unajua kosa langu: kwenye sanduku la Leslie spika hazizunguki, kinachozunguka ni honi na pipa. Waya zikajisokota kama kamba ya kisima, zikakatika, spika ikaruka mpaka mlangoni. Binti wa jirani akauliza kama tunafuga pweza.

Jaribio la tatu ndilo lililosimama. Nilichukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikaikata dirisha ubavuni, nikaipachika kwenye ringi ya baiskeli iliyolala juu ya habu yake, nikaweka spika juu ikitazama ndani ya ndoo bila kuigusa. Mota ya feni ina mbio mno, kwa hiyo nikafunga puli ndogo kwenye mota na mkanda ukazunguka ringi nzima, mwendo ukashuka. Kwa honi sikuwa na ufundi, sauti nyembamba nikaziachia programu. Maikrofoni mbili nikazitega pande mbili za ndoo, hatua moja kutoka kwenye dirisha, na tukarekodi usiku kwa sababu kusi la mchana Shangani halina adabu.

Tatizo moja tu: ringi ni nzito. Nikiwasha, ndoo inajivuta sekunde kadhaa kabla ya kushika kasi. Nikizima, inachelewa vilevile kutulia. Nilikuwa nimeshafungua boksi la spana niipunguze uzito, kaseti inacheza pembeni, ndipo nikasikia kitu kilekile kutoka kwa mjomba. Honi ya Leslie ni nyepesi, inashika mwendo karibu mara moja. Pipa la chini linasuasua. Kwa sekunde kadhaa nusu moja ya sauti imeshafika sokoni na nyingine bado inatafuta kandambili, na katika kutofautiana huko ndiko kinanda kinakohema. Zikishakwenda kasi kamili zote, utamu umepita, kilichobaki ni mtetemeko. Kwa hiyo mtu anayewasha kasi mwanzo wa ibada na kuizima mwisho amekula maganda akatupa korosho. Kitufe kile kinapigwa kama noti: unashusha mwendo kwenye ubeti, unaupandisha kabla kiitikio hakijafika ili kiitikio kikute honi na pipa bado vinakimbizana. Kibodi nyingi zenye kitufe hicho zinaweza, hata zisipokuwa na ndoo.

Nikampelekea mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Haya, tusikie."

Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. "Kizuri," akasema. "Lakini chako kimekunywa chai. Changu kimelewa."

Nilikerwa, sitaficha. Nikaomba kaseti, nikaipiga kwenye redio ya duka la jirani yake. Kinanda kilikuwa palepale, kinapanda na kushuka, ila ule ulevi haukuwepo. Tulipoifungua redio ya mjomba tukakuta mkanda wake wa mpira umelegea, unateleza, unavuta kaseti kwa mwendo usiotulia. Miaka yote nilikuwa napenda vitu viwili vinavyobadili mwendo, kimoja cha California na kingine kimechakazwa na chumvi ya Mikindani, nikadhani ni kimoja.

Kwenye rekodi ya kwaya nimeweka cha kwanza tu. Mkanda mpya wa redio nimeununua, uko mfukoni mwa koti wiki ya tatu sasa. Mjomba hataki kusikia habari zake.