Geuza kopo usome nyuma, ndo uniambie linazuia kipandauso

Wiki iliyopita kwenye kikoba chetu huku Nkuhungu dada mmoja katoa kopo kwenye mkoba, kopo zuri lina kifuniko cha rangi ya dhahabu, akasema jamani hii inamaliza kipandauso ndani ya siku saba, laki na ishirini tu na unaruhusiwa kulipa kidogokidogo. Nkaomba nilione. Wenzangu wakajua leo kapata mteja. Mi nkaligeuza nyuma nkaanza kusoma yale maandishi ya saizi ya sisimizi, vitamini kibao, magneziamu miligramu 30, riboflavini miligramu 1.6, nkamrudishia kopo lake.

Sio kwamba siamini virutubisho. Naviamini, nameza kila siku, na ndo mana nilikasirika.

Nna steshenari jirani na chuo, yani siku nzima mwanga wa fotokopi unanipita machoni, harufu ya tona, alafu ikifika mwezi wa tisa wa kumi hili jua letu la Dodoma na upepo wa vumbi usiseme. Kipandauso changu kilikuwa kinaanzia nyuma ya jicho la kulia kinagonga kama mtu anatwanga mtama, natapika, nafunga duka mchana kweupe nalala nyuma ya kaunta juu ya maboksi ya karatasi, kanga usoni, wanafunzi nje wanagonga dirisha dada tuprintie tunachelewa. Nimepimwa malaria kwa ajili ya hicho kichwa sijui mara ngapi, nimeambiwa presha, nimeambiwa macho, mama mkubwa wangu wa Bahi yeye alishamaliza uchunguzi, kasema nimerogwa na mwenye steshenari ya pili.

Daktari aliyenisaidia hakuanza na dawa, aliniambia niandike. Nkachukua kauntabuku, siku ya kichwa naweka K, siku ya panadol naweka P. Mwezi wa kwanza K zilikuwa 11, P zilikuwa 17! Ndo akanieleza kitu ambacho natamani kibandikwe kila duka la dawa, kwamba dawa ya kawaida ya maumivu ukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita mitatu hivi uko hivyohivyo, yenyewe inaanza kukuletea kichwa, na zile zilizochanganywa na kafeini hata siku 10 zinatosha kukuharibia. Yani nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa.

Za kuzuia zipo za hospitali. Mimi nna pumu kwahiyo propranolo haikunifaa, haitakiwi kwa mwenye pumu, amitriptilini nkasinzia mpaka nkamtolea mtu risachi yake kurasa zote kichwa chini miguu juu. Ndo tukaja kwenye magneziamu na riboflavini, ambayo ni ileile vitamini B2. Na sio mambo ya kuokota WhatsApp haya, mwaka 1998 Ubelgiji walichapisha utafiti wa riboflavini miligramu 400 kwa siku kwa miezi 3, waliopungukiwa siku za kichwa kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 59, wenzao waliopewa kidonge bubu kisicho na dawa ndani asilimia 15. Ila walikuwa watu 55 tu, wanaenea kosta mbili, kwahiyo nayo tusiipigie vigelegele sana.

Sasa rudi kwenye kopo la dada. 400 na 1.6 wapi na wapi? Ile 1.6 ni ya mtu asipungukiwe vitamini mwilini, kipandauso ni hesabu nyingine kabisa, na usiniambie utakunywa maziwa maana glasi moja haifikishi hata miligramu 1. Magneziamu nayo wanaopewa kwa ajili hii wanameza kama 400 mpaka 600, na hapo kuna mtego, kopo likiandika magneziamu saitreti 500 sio kwamba umepata 500, magneziamu yenyewe humo ni kama 80, nyingine ni hiyo saitreti. Uwele, karanga, mbegu za maboga zina magneziamu nzuri tu, kwahiyo ugali wetu msiudharau.

Ntawaambia na ya aibu. Riboflavini inageuza mkojo njano kali kama hailaita, siku ya kwanza nilipiga kelele chooni. Magneziamu nilianza na ile ya aina ya oksaidi kwa pupa, dozi nzima siku ya kwanza, nkapanda daladala ya Mtumba kupeleka mihuri... tumbo likavuruga, nilishuka Ihumwa mbio na mihuri yangu. Anza kidogo, meza na chakula. Na mwenye shida ya figo asiguse magneziamu bila daktari, mjamzito pia aulize kwanza, na kichwa kilichokuja ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kuugua au kimekuja na kufa ganzi upande mmoja hicho ni cha kukimbizwa hospitali, sio cha kopo.

Alafu hili neno "asili, haina madhara" linanichosha. Kuna mmea unaitwa butterbur, madaktari wa neva wa Marekani waliupendekeza kabisa kwa kipandauso mwaka 2012, mwaka 2015 wakafuta pendekezo hilo kwa hofu ya kuharibu ini. Nao ni majani na mizizi ya asili kama mlenda tu.

Siku saba hakuna. Mimi mwezi wa kwanza sikuona kitu, wa pili nkataka kuacha, wa tatu K zikashuka hadi 5, mwezi uliopita 3. Moja nimejitakia, kamati ya harusi ya binamu kule Chamwino, sikula tangu asubuhi na maji sikunywa. Ila sitasema ni vidonge peke yake, maana wakati huohuo niliacha panadol za ovyo na nkahamisha fotokopi isinimulike usoni. Dada wa kopo nilimweleza yote haya, akanisikiliza vizuri kabisa, akaniuliza basi we utachukua la magoti?